Muuzaji Asiwe Shahidi wa Bidhaa Yake

Jina la bidhaa kubandikwa kwenye kila kibanda na kila daladala si sababu ya kuliandikia makala katika kamusi elezo. Mabango hununuliwa. Kinachotakiwa ni ushahidi wa watu wasiolipwa na mwenye bidhaa: mwandishi aliyechunguza, mtafiti aliyepima, mahakama iliyotoa uamuzi. Wikipedia imejiwekea kanuni hiyo, nasi tunataka wahariri wa toleo la Kiswahili waisimamie bila kuona haya.

Tuchukue M-Pesa. Safaricom iliizindua Kenya mwezi Machi 2007, na mwaka uliofuata Vodacom ikaianzisha Tanzania. Kwa maelezo ya kampuni peke yake, tungebaki na kijitabu cha wateja: namna ya kujisajili, ada za kutuma na kutoa. Lakini wachumi Tavneet Suri na William Jack waliifuatilia kwa miaka, na mwaka 2016 wakachapisha katika jarida la Science makadirio kwamba huduma hiyo ilizitoa kaya 194,000 za Kenya kwenye umaskini. Wasomi wengine wakaipinga hesabu hiyo hadharani. Hapo pana kazi ya kamusi elezo, kwa sababu msomaji anawekewa madai na pingamizi, apime mwenyewe. Sasa lije jina lililobuniwa juzi na idara ya masoko kwa ajili ya kifurushi cha intaneti cha siku saba. Nani aliye nje ya kampuni ameandika lolote juu yake? Kama hayupo, makala ifutwe, au jina litajwe kwa sentensi moja ndani ya makala ya kampuni husika. Hakuna aliyeonewa.

Wanaosema kwamba makala moja ya ziada haimdhuru mtu wakumbuke yaliyotokea Aprili 2017. Kampuni ya migahawa ya Burger King ilirusha tangazo fupi la televisheni nchini Marekani, mwigizaji akakiuliza kifaa cha Google swali kuhusu baga yake ya Whopper, na vifaa vilivyokuwa sebuleni kwa watu vikaanza kusoma mwanzo wa makala ya Wikipedia. Siku chache kabla, sentensi ya kwanza ya makala hiyo ilikuwa imebadilishwa ikawa na lugha ya kusifia. Wahariri wa kujitolea walilazimika kuirudisha na kuifunga. Maneno ya kamusi elezo hayabaki kwenye ukurasa wake. Hubebwa na mitambo ya kutafuta na kusomwa kwa sauti, na anayeyasikia hana njia ya kujua nani aliyaandika.

Ulaghai wa aina hii una bei. Mwaka 2015 Wikipedia ya Kiingereza ilifunga akaunti 381 za mtandao uliokuwa ukiwatoza wafanyabiashara na watu binafsi fedha ili makala zao zichapishwe, kisha ukiwadai tena ili zilindwe. Toleo lenye wahariri wachache, kama letu, ni rahisi zaidi kuvamiwa.

Hata hivyo, ukali usigeuke uvivu. Mwaka 2007 Jimmy Wales, mmoja wa waanzilishi wa Wikipedia, aliandika makala fupi kuhusu Mzoli's, bucha na mahali pa nyama choma huko Gugulethu, Cape Town. Ilifutwa muda mfupi baadaye. Iliporejeshwa na kujadiliwa, wengine wakatafuta habari zilizokwisha kuandikwa juu ya mahali hapo, wakazipata, na makala ikabaki. Aliyefuta hakuwa ametafuta vya kutosha. Mkabidhi, yaani mhariri mwenye mamlaka ya kufuta makala, anayefuta jina la bidhaa ya Kisumu au Mwanza kwa sababu halijui ameshindwa kazi yake sawasawa na yule anayepitisha tangazo. Atafute kwanza, hata kwenye magazeti yaliyohifadhiwa maktabani, na akubali chanzo cha Kiingereza au Kiarabu pale ambapo cha Kiswahili hakipo.

Na hapa lawama inavuka kutoka kwa wahariri wa kamusi elezo hadi kwa vyumba vya habari. Taarifa ya kampuni inapochapwa kama ilivyoletwa, ikapewa kichwa cha habari na jina la mwandishi, inageuka ushahidi bandia. Miaka mitano baadaye mhariri wa kujitolea ataikuta, ataona jina la gazeti, ataiamini, na hatakuwa na kosa. Kosa litakuwa la mhariri wa gazeti aliyejua kwamba hakuna mwandishi wake aliyeuliza swali hata moja.

Kwa hiyo tunadai mambo mawili kwa kila gazeti na kila tovuti ya habari ya Kiswahili. Habari iliyolipiwa iandikwe TANGAZO juu ya kichwa, na neno hilo libaki hapo hata habari inapohamishiwa kwenye kumbukumbu za mtandaoni. Na mwandishi anayepokea taarifa ya uzinduzi wa bidhaa ampigie simu mtu mmoja angalau asiye na mkataba na kampuni hiyo, kabla ya kuweka jina lake chini ya habari.