"Sahau tu" si dawa, bana

Kuna ushauri tunaopeana mtaani ambao umezidi: "Wee sahau tu, songa mbele." Tunawaambia hivyo waliokuwa tao Juni 25, 2024, risasi zilipolia karibu na Bunge. Msee hakuguswa hata na jiwe, lakini mpaka leo matatu ikipasua ekzosi anainama, na usiku halali. Halafu mbogi inamcheka eti ni mwoga.

Skiza. Kumbukumbu si picha kwenye simu, ati ukiichoka unaifuta. Ndani ya ubongo kuna kisehemu kinaitwa hipokampasi. Kazi yake ni kupanga matukio: hili lilitokea wapi, lini, baada ya nini. Wanasayansi walilijua hilo kwa njia chungu. Mwaka 1953 huko Marekani, Henry Molaison, kijana wa miaka 27 mwenye kifafa kikali, alipasuliwa akatolewa sehemu kubwa ya hipokampasi, kushoto na kulia. Kifafa kilipungua, lakini hakuweza tena kuhifadhi mambo mapya ya maisha yake. Mngepiga stori, utoke kidogo, ukirudi wewe ni mgeni. Aliishi hivyo hadi 2008.

Jirani ya hipokampasi ni amigdala, inayoshika hofu. Hatari ikiwa kubwa mno, hofu inaandikwa kwa wino mzito, lakini "wapi" na "lini" vinaandikwa kwa penseli. Ndiyo maana tukio halikai kama jambo la mwaka jana. Linarudi kama linatokea sasa hivi, moyo mbio, jasho kibao. Huo ni ugonjwa, na una matibabu.

Mwaka 2000, Karim Nader na wenzake walionyesha kwa panya kwamba kumbukumbu ya hofu ikiamshwa, hulegea kwa muda kabla ya kuhifadhiwa tena. Kwa binadamu mambo si rahisi hivyo, lakini kusimulia tukio polepole, mbele ya mtu aliyesomea kazi hiyo, kumewasaidia wengi. Polepole, nasema. Usimkalishe mtu siku ileile umkamue kila kitu. Na zile video za damu mnazosambaza kwa magrupu kila Juni, eti kumbukumbu ya mashujaa? Kuna mtu humo ndani mnamrudisha barabarani bila kumuuliza.

Sasa, huyo mtu aliyesomea atapatikana wapi? Chuo nilichoacha kilikuwa na mshauri mmoja, na mlango wake ulizoea kufuli kuliko wanafunzi. Sheria ya Afya ya Akili ilifanyiwa marekebisho 2022, na serikali za kaunti zikapewa jukumu la kutoa huduma hizi. Wewe ni mpiga kura. MCA wako akija na fulana na vibuyu vya maji, muulize kituo cha afya cha wadi yenu kina mshauri nasaha wangapi, na wako kazini siku gani.