Nani Kasema Mchapakazi Hapunguzwi?

Sinza, jijini Dar es Salaam, kuna hukumu inayotolewa bila hakimu wala shahidi. Mtu akionekana saa nne asubuhi siku ya Jumanne amekaa kijiweni pale Mori, kandambili miguuni, wenye macho wataulizana kama siku hizi haendi kazini. Akitokea mmoja akajibu kwamba wamempunguza, kesi imekwisha. Hutasikia mtu akiuliza kampuni ilipatwa na nini. Utasikia, "Kuna kitu alifanya." Au ile ya kistaarabu zaidi, inayopendwa na wajomba kwenye vikao vya harusi: "Mchapakazi hapunguzwi." (Baadhi ya wajomba hao walipunguzwa wenyewe miaka ya 1990, ila leo wanasema walistaafu mapema.)

Kauli hiyo ni ya uongo, na ni uongo wenye madhara. Inamvua nguo aliyeondoka, inamtisha aliyebaki, na inampa mwajiri ulinzi ambao hakuna wakili angeweza kumpatia kwa bei yoyote.

Tuanze na sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatambua sababu za aina mbili za mwajiri kumwachisha mtu kazi. Za kwanza zinamhusu mfanyakazi: mwenendo wake, uwezo wake, kupatana kwake na mahali pa kazi. Za pili zinamhusu mwajiri: mahitaji ya uendeshaji, yaani hali ya fedha, mashine mpya, muundo unaopangwa upya. Kupunguzwa kumo kwenye fungu hili la pili. Mzembe ana njia yake tofauti kabisa, yenye onyo, kikao cha nidhamu, nafasi ya kujitetea na barua ya kufukuzwa. Kwa hiyo mwajiri anayekuandikia barua ya kupunguzwa anakiri kwa maandishi, tena kwa mhuri, kwamba tatizo liko kwake. Ajabu ni kwamba mtaa mzima unaisoma barua hiyohiyo kinyume chake.

Na sisi wa Sinza ndio tuliopaswa kuwa wa mwisho kudanganyika. Ifuate Barabara ya Shekilango mpaka inapokutana na Barabara ya Morogoro, utakuwa jirani na kiwanda cha nguo cha Urafiki. Kilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, na kwa miaka mingi kilikuwa kikisokota uzi, kikifuma na kupiga chapa khanga na vitenge, kikiajiri maelfu ya watu kwa zamu. Sehemu ya maisha ya Ubungo, Manzese na Sinza ilijengwa kwa mishahara ya pale. Kisha ikaja miaka ya 1980, fedha za kigeni zikaadimika, vipuri vikaadimika navyo. Soko lilipofunguliwa, mitumba na vitambaa vya bei rahisi vikamiminika Kariakoo. Miaka ya 1990 ukafungwa ubia mpya, upande wa China ukishika asilimia 51 na serikali yetu 49, na watu wakapunguzwa. Katika mfululizo wote huo, nionyesheni mahali ambapo mwendesha mashine wa kufumia alihusika. Je, yeye ndiye aliyeweka bei ya mtumba? Ndiye aliyeachia vipuri viishe? Alikuwa akiingia zamu ya usiku na kutoka alfajiri, na siku ile majina yalipobandikwa ubaoni, la kwake lilikuwemo.

Haikuwa Urafiki peke yake. Tume ya kurekebisha mashirika ya umma, PSRC, ilikabidhiwa mamia ya mashirika ya kuuza, kuunganisha au kufunga. Kuamini kwamba waliotoka wote walikuwa wavivu ni kuamini kwamba uvivu uliingia Tanzania nzima kwa wakati mmoja, ukapitia viwandani na kwenye mabenki, kisha ukaondoka ulipomaliza kazi.

Na si hadithi ya zamani tu. Mwaka 2017 serikali ilizuia makinikia, yaani mchanga wenye madini, kusafirishwa nje. Yaliyobishaniwa pale yalikuwa makubwa na sitayarudia hapa. Ninachotaka kiangaliwe ni kwamba miezi michache baadaye kampuni ya uchimbaji ya Acacia ilitangaza kupunguza shughuli kwenye mgodi wake wa Bulyanhulu, na mamia ya watu wakarudi nyumbani: madereva wa mitambo, mafundi umeme, wapishi wa kambini. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeandika mkataba wa madini. Uliza mafundi walioshuka mgodini kila siku bila kuchelewa bidii yao iliwafaa nini siku ile.

Lakini mfano unaotuhusu zaidi bado ni mbichi. Tarehe 20 Januari 2025, Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90. Hata wiki haikupita, maagizo ya kusitisha kazi yakaanza kufika kwenye miradi. Ilipofika tarehe 1 Julai, shirika lenyewe la misaada la Marekani, USAID, lilikuwa limeacha kuendesha misaada. Dar es Salaam ilijaa watu wa miradi hiyo, na Sinza, yenye nyumba za kupanga za hadhi ya kati na barabara inayokufikisha Mwenge au Ubungo kwa muda mfupi, imewahifadhi wengi wao. Hawa ndio walioonewa wivu. Walikuwa na kiyoyozi ofisini, posho ya safari, watoto shule ya kulipia, mkopo wa kiwanja Goba au Madale unaokatwa moja kwa moja kwenye mshahara. Kazi yao ilipimwa kila robo mwaka, tena kwa namba: wagonjwa wangapi wameanzishiwa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, wangapi wametoroka tiba, wangapi wamerudishwa. Kama kuna sekta ambapo bidii iliandikwa kwenye jedwali na kusomwa na mtu wa mbali, ni hiyo. Na jedwali halikumwokoa mtu. Aliyefikisha malengo na aliyekuwa akibahatisha walipata barua moja, wiki moja, yenye maneno yaleyale. Leo ukimwambia mmoja wao kwamba mchapakazi hapunguzwi, unamtukana huku ukidhani unamshauri.

Wapo watakaosema: hao walikuwa wa wafadhili, na kazi ya mfadhili ni ya kupita. Dawa, watasema, ni kusoma fani ngumu, fani ambayo dunia haiwezi kuikwepa. "Soma kompyuta, mwanangu, hutalala njaa." Sawa. Twende basi kwenye fani ngumu kuliko zote, ya wanaotengeneza chipu zenyewe, zile zinazoendesha simu yako, gari lako na mashine ya kutolea fedha pale Bamaga. Kiwanda cha chipu ni mahali ambapo watu huingia wamevaa vazi linalofunika mwili mzima, kwa kuwa punje moja ya vumbi inatosha kuharibu kazi ya wiki kadhaa. Huko wapo wenye shahada za uzamivu za fizikia. Agosti 2024, Intel ya Marekani ilitangaza kupunguza watu wapatao 15,000, zaidi ya asilimia 15 ya wafanyakazi wake wote. Na Machi ya mwaka huohuo serikali ya nchi yao ilikuwa imetangaza kuipa kampuni hiyo hadi dola bilioni 8.5 ijenge viwanda.

Kulikoni? Kwa ufupi, wakubwa walikosea hesabu. Katika miaka ya 2000 Intel iliiacha nafasi ya kutengeneza chipu za simu ya iPhone, na aliyekuwa mtendaji mkuu wake, Paul Otellini, alikuja kukiri hadharani kwamba alijutia. Baadaye ilipokuja biashara ya akili bandia, Nvidia ikatangulia mbele. Fundi wa kiwanda cha Intel kule Oregon aliyekuwa akilinda joto la tanuri lisipande hata digrii moja hakuulizwa lolote kuhusu hayo, ila bili alikabidhiwa yeye. Mwaka uliofuata, chini ya mkuu mpya, Lip-Bu Tan, ikaja awamu nyingine ya kupunguza watu, lengo likiwa kubaki na watu wapatao 75,000.

Kuna jambo dogo kwenye mkasa huo ambalo nalipenda kuliko tarakimu zote. Katika kubana matumizi, Intel ilifuta hata kahawa na chai ya bure ofisini. Novemba 2024 ikazirudisha, ili kuwainua moyo waliobaki. Watu 15,000 wanaondoka, waliobaki wanapewa kikombe.

Waliobaki, hasa, ndio ninaotaka kuwazungumzia, kwa sababu imani hii inawala wao polepole bila mtu kugundua. Aliyeondoka angalau ana kiinua mgongo na hasira. Aliyebaki ana kazi za watu watatu. Ukiamini kwamba mchapakazi hapunguzwi, basi kubaki kwako ni ushahidi kwamba wewe ni mchapakazi, na ushahidi huo unapaswa kuulisha kila siku. Ndiyo maana hachukui likizo yake. Bosi akituma ujumbe wa WhatsApp saa nne usiku, anajibu kabla haujapoa. Kwenye kikao anaitikia kila kitu. Fomu ya chama cha wafanyakazi, TUICO, ikipita mezani, anaipisha kama haioni. Ikisikika tetesi ya "awamu ya pili", halali, na asubuhi anawahi zaidi. Akithubutu kulalamika nyumbani anaambiwa, "Shukuru una kazi." Kwa hiyo hata kuchoka anakuchukulia kuwa dhambi. Mwajiri amepunguza watu thelathini, na bado kazi ya watu thelathini inafanyika, saa za ziada hazilipwi, na hakuna aliyeshurutishwa. Wamejishurutisha wenyewe, kwa methali ya wajomba.

Najua hoja itakayoletwa hapa, na ina uzito kidogo. Orodha ya kupunguzwa haiangukii watu kama mvua, itasemwa. Kuna mtu anakaa na kalamu na kuchagua, na hakika atawaacha wazuri. Basi tuangalie anavyotakiwa kuchagua. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinataja kipimo kinachojulikana kazini: wa mwisho kuingia, wa kwanza kutoka, huku mwajiri akiruhusiwa kuwabakisha wenye ujuzi au uzoefu ambao kazi haiwezi kwenda bila wao. Ujuzi umetajwa, sikatai. Lakini huo ni ujuzi wa nafasi, wa kwamba ni wewe tu unayeijua mashine ile ya Kijerumani. Juhudi ni kitu kingine. Kijana aliyeajiriwa Machi anaweza kuwa mbora ofisi nzima na bado akatoka, na aliyekaa miaka kumi na tano akisinzia akabaki, kwa tarehe tu ya mkataba. Ukitaka kujua kwa nini wewe umebaki, kabla hujajisifu, kaangalie uliajiriwa lini.

Na pale mwenye kalamu anapoacha kipimo hicho, mara nyingi hafuati uchapakazi. Anaanza na mwakilishi wa chama aliyeuliza sana kwenye kikao, au mama aliyetoka likizo ya uzazi, au yule aliyeona hesabu asizopaswa kuziona. Huo ni uvunjaji wa sheria, na kinachouficha ni imani yetu. Mtaa ukishahukumu kwamba aliyepunguzwa alikuwa mzembe, nani atauliza orodha ilitengenezwaje?

Kwa nini tunaipenda imani hii basi? Kwa sababu inatulaza usingizi. Jirani wa nyumba ya pili akipoteza kazi kwa uvivu wake, mimi niliye mwadilifu niko salama, na kodi yangu ya miezi sita iko salama. Akiipoteza kwa sababu mtu Washington au makao makuu ya Intel kageuza karatasi, basi mimi pia naweza kuipoteza Ijumaa hii, na mkopo wangu haujafika hata nusu. Wazo hilo la pili halivumiliki, kwa hiyo tunachagua la kwanza na kumtwisha jirani gharama yake.

Gharama yenyewe si ya heshima peke yake. Kima cha chini cha kisheria cha kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Yaani aliyetumikia miaka 10 na aliyetumikia 25 wanaweza kuondoka na kiasi cha siku 70 tu. Fao la kukosa ajira la NSSF, kwa mwenye taaluma aliyechangia angalau miezi 18, ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Piga hesabu hiyo juu ya kodi ya nyumba ya Sinza, ada ya Januari na marejesho ya kikoba, halafu uniambie kwa nini watu wanaangukia mikopo ya kausha damu.

Kinachoweza kuongeza kiasi hicho ni mazungumzo, na hayo yamo kwenye kifungu cha 38 cha Sheria ileile ya Ajira na Mahusiano Kazini. Mwajiri anapaswa kutoa taarifa mapema kwamba anakusudia kupunguza, kuweka mezani habari zote zinazohusu uamuzi huo, na kushauriana na chama au wafanyakazi wenyewe, kabla ya kupunguza, juu ya sababu, namna ya kuepuka, kipimo cha kuteua majina, muda na malipo. Wasipoafikiana, suala linakwenda kwenye usuluhishi. Ni haki pana kuliko wengi wanavyodhani, ila inadaiwa na mtu anayeamini kwamba hakukosa. Anayeamini kwamba kupunguzwa ni aibu yake husaini haraka, huchukua boksi lake na kutoka kwa mlango wa nyuma ili mlinzi asimuulize.

Wiki ya kwanza anajifungia ndani. Ya pili anatoka asubuhi amechomekea shati, anakaa Mlimani City mpaka jioni, ili watoto wasijue. Ya tatu anafunga na kuomba. Ya nne ndipo rafiki anamtajia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), na yeye anasema ataenda Jumatatu. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali yanatakiwa kufika CMA ndani ya siku 30. Siku ya 31 inahitaji maombi ya kuongezewa muda yenye sababu za msingi, na kuona aibu mbele za watu wa mtaani si sababu ya msingi.