Upanga wa televizyo na gunia la mchanga



Mama mmoja wa Kamituga ametuandikia barua ya karatasi mbili, zimejaa pande zote. Anasema kijana wake wa miaka 14 haonekani tena nyumbani baada ya masomo. Anashinda kwenye chumba cha Play, anacheza ile michezo ya watu wanaopigana kwa panga na mikuki. Mama anauliza: "Pasta, mtoto anayefurahia kukata watu kila siku kwa televizyo, kesho si atatwaa bunduki na kuingia pori? Na tena sasa wameanza karata. Nimkataze kabisa?"

Halafu chini kabisa, kwa mstari mmoja tu, anaongeza kwamba pesa ya kucheza mtoto anaitafuta mwenyewe: anabeba mchanga wa dhahabu kwenye mashimo. Mama, ule mstari mmoja ndio ulioninyima usingizi. Tutaufikia. Kwanza nijibu lile uliloniuliza.

Zamani ningekujibu upesi: kataza, mambo yamekwisha. Nimekwisha kuhubiri juu ya ile michezo bila kuiona hata mara moja kwa macho yangu. Safari hii nilisikia haya. Nikasema, acha niende nione.

NILIENDA KUONA

Siku ya posho, mchana, nilienda kwenye chumba kimoja hapa Nguba, upande wa barabara inayoteremka kwenda mpaka wa Ruzizi. Chumba kidogo, mbao za kukalia, televizyo tatu, vijana kama ishirini. Nilipoingia wote wakanyamaza. Mmoja akauliza: "Papa Pasta, unatafuta nani?" Walifikiri nimekuja kumtoa mtoto kwa sikio.

Nikasema: "Simtafuti mtu. Nimekuja kucheza."

Basi, wakacheka mpaka mwenye chumba akaja kuangalia kuna nini. Walinipa nafasi mbele ya PlayStation 2 iliyozeeka, ndani yake diski ya zamani zaidi, mchezo unaoitwa Soul Blade, wa kampuni ya Namco ya Japani. Ulitoka katika miaka ya 1990, kabla ya wale vijana kuzaliwa, na bado wanaugombania. Walinionyesha: hii unafinya kwa kukata, hii kwa kujikinga. Nilichagua mtu mmoja anaitwa Mitsurugi, Mjapani mwenye upanga mrefu. Nilijikinga sana, kama vile mtu mzima anavyofanya. Kumbe katika mchezo ule kila silaha ina mstari wake unaopungua. Ukijificha sana nyuma ya upanga wako, unavunjika, unabaki mikono mitupu. Wangu ulivunjika. Halafu mtoto wa miaka kama 12 akanisukuma, nikaanguka nje ya uwanja, majini.

Nikarudisha maneti, nikasema nimekufa. Yule mtoto akaniangalia kwa huruma: "Papa Pasta, haukukufa. Ulianguka tu mu mayi. Finya tena."

Nilifinya tena. Nilikaa pale karibu saa mbili, na siwafichi, nilifurahi. Nilielewa kwa nini wanapenda. Si damu wanayotafuta. Wanatafuta ule wakati mmoja mdogo wa kusubiri, macho yote mbele, kumjua mwenzako atafanya nini kabla hajafanya. Kuna mwingine wa namna hiyo, Samurai Shodown, wa kampuni ya SNK, tangu 1993. Vijana waliniambia kwamba pale mtu wa haraka anapotea, kwa sababu pigo moja zito linakula nusu ya uhai wako. Mwenye kusubiri ndiye anashinda. Nimewafundisha vijana subira kwa miaka mingi, na si kila siku waliniangalia kwa macho yale.

KARATA

Mama ameuliza tena juu ya karata. Kwa kweli, karata na michezo ya televizyo ni ndugu wa siku nyingi. Kampuni Nintendo, ambayo watoto wote wanaijua, ilianzishwa Kyoto kule Japani mwaka wa 1889, na kazi yake ilikuwa kutengeneza karata. Karata hizo zinaitwa hanafuda: 48, zenye picha za maua na miti, nne kwa kila mwezi wa mwaka. Mambo ya televizyo yalikuja baadaye sana.

Hata michezo ya kupigana imeingia kwenye karata. Mwaka wa 1999 SNK ilitoa mchezo mzima wa karata, SNK vs. Capcom: Card Fighters' Clash. Wale wapiganaji wanageuka picha kwenye karata, na kila mchezaji anapanga karata zake 50. Hapo hakuna mbio ya vidole. Unahesabu, unafikiri, unaweka. Kijana mmoja alikuwa nao kwa simu, akanifungulia, akanieleza kwa utulivu kuliko mwalimu wa hesabu. Ile si dhambi, Mama. Ile ni akili inafanya kazi.

Lakini kwenye pembe ya chumba niliona karata nyingine. Wale waliokuwa wanangoja zamu walikuwa na karata za kawaida, zimechakaa, na chini ya kopo kulikuwa noti za franka. Nani atashinda pigano linalofuata, nani atatoa karata kubwa. Pale hakuna mtu alikuwa anacheka. Mtoto aliyeshindwa alitoka nje bila kuaga, na wenzake walisema ilikuwa pesa ya minervali.

Nilijifunza jambo. Kwenye televizyo aliyeshindwa anatoa maneti, anangoja zamu yake, anarudi. Kwenye kopo aliyeshindwa anarudi nyumbani na uongo mdomoni. Upanga wa televizyo haukumkata mtu. Ile noti ilimkata.

MCHEZO WA ABNERI

Najua wengine watasema: Pasta, hapa kwetu watu wamekwisha kuona silaha za kweli. Namna gani unaziruhusu tena kwa mchezo? Ndiyo, tumeziona. Tuliziona 1996. Tuliziona mwezi wa sita 2004. Mwezi wa pili 2025, M23 walipoingia Bukavu, ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa habari ya watoto waliokuwa na silaha mikononi, na ya watoto waliouawa. Simchekeshi mtu na jambo hilo.

Wenye kusoma Biblia wafungue 2 Samweli sura ya 2. Abneri na Yoabu, wakubwa wawili wa vita, walikaa kwenye birika la Gibeoni, mmoja upande huu, mwingine upande ule. Abneri akatoa shauri kwamba vijana wasimame wacheze mbele yao. Yoabu akakubali. Wakasimama kumi na wawili huku, kumi na wawili kule. Kila mmoja akamshika mwenzake kichwa, akamchoma ubavuni, wakaanguka wote pamoja. Wale wakubwa waliita jambo hilo mchezo. Na wao walikuwa wamekaa.

Nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya Biblia nilisoma habari hiyo kama hadithi ya vita. Siku hizi ninauliza: nani aliyekaa pale kuangalia vijana, na alitaka nini kwao? Mtoto hatoki kwenye Soul Blade kwenda porini kwa sababu alifinya kitufe. Anakwenda kwa sababu mkubwa mmoja alimwita, akampa chakula, pesa au woga, na hakukuwa mkubwa mwingine aliyekaa karibu naye. Yule mtoto wa miaka 12 anajua tofauti ya kuanguka majini kwa televizyo na kuanguka kwa kweli. Alinifundisha mimi.

Hata hivyo tusizidishe. Si kila mchezo unafaa kila mtoto. Kuna ile inayoonyesha miili inakatwa vipande, damu inaruka, na watoto wengine hawalali baada yake, zaidi wale ambao nyumbani kwao mambo hayo yalitokea kweli. Ulaya, tangu 2003, wanaandika namba juu ya sanduku la mchezo: 3, 7, 12, 16, 18. Ndiyo umri. Diski za kunakili zinazouzwa kwetu mara nyingi hazina sanduku wala namba. Basi namba itakuwa wewe mzazi.

SASA ULE MSTARI MMOJA

Mama wa Kamituga, umeogopa upanga. Mimi ninaogopa gunia la mchanga.

Unakumbuka tarehe 11 mwezi wa tisa 2020. Mvua ilinyesha Kamituga, mashimo yakaanguka, na ilisemwa watu wapatao 50 walikufa. Wewe ulikuwa huko, sina la kukufundisha. Wengi walikuwa vijana. Na hata shimo lisipoanguka, kuna zebaki ya kukamatia dhahabu. Moshi wake ukiingia kifuani unaharibu mishipa ya fahamu, na mwili wa mtoto unaumia kuliko wa mtu mzima.

Tena kuna jambo la ajabu. Ndani ya zile mashini za kucheza mna tantale, ambayo inatoka katika koltani, ile inayochimbwa Numbi na Shabunda. Mna na dhahabu kidogo kwenye sehemu za kupitisha umeme. Mwaka wa 2000 bei ya tantale ilipanda sana duniani, watu wa Kivu wakaacha mashamba wakakimbilia koltani, na 2001 bei ikaanguka, wakabaki na mashimo. Basi mtoto wako anabeba mchanga ili alipe kucheza na mashini iliyojengwa kwa mali ya ardhi kama ile anayobeba mgongoni. Mashini imekwenda mbali na kurudi. Yeye bado yuko palepale kwenye shimo.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Ukimkataza Play na kuacha gunia, umeondoa upanga usiokata mtu, umeacha shimo linalozika watu.

WAZAZI WAFANYE NINI?

1. Nenda ukaone. Ingia, kaa, shika maneti, ushindwe. Mtoto aliyekucheka kwa mchezo atakuambia mambo ambayo asingekuambia mezani.

2. Uliza pesa inatoka wapi kabla ya kuuliza mchezo ni upi. Kama inatoka shimoni, simamisha leo. Afadhali umpe wewe kidogo, mara moja kwa juma, siku ya posho, baada ya kazi ya masomo.

3. Karata za kufikiri, ndiyo. Karata za noti, hapana. Ongea na mwenye chumba, wazazi watatu au wanne pamoja. Akiona ninyi ni wengi, ataondoa kopo.

4. Angalia namna anavyoshindwa. Akicheka na kutoa maneti, mwache. Akitupa maneti, akipiga mdogo wake, akikosa usingizi, basi apumzike, na ninyi mtafute kinachomuumiza.

5. Baba naye awepo. Ninajua wengi wako kwenye machimbo juma zima. Lakini Abneri hakosi. Kama wewe hukai karibu na kijana, mwingine atakuja kukaa.

Na wewe kijana unayesoma ukurasa huu kwa siri kwa sababu umeona neno Play: cheza, furahi, jifunze kusubiri. Mchezo ukianza kudai minervali au mgongo wako, si mchezo tena. Utoke, kama vile ungetoka kwenye birika la Gibeoni.

Mama, siku ya posho inayokuja usimfuate na fimbo. Mwambie akuonyeshe ule upanga wake unavyofanya kazi. Mkimaliza, mkiwa njiani kurudi, muulize juu ya gunia. Halafu utuandikie tena. Tunangoja barua yako.

Mimi, Pasta wenu wa Nguba.