Kuzima umeme pekee hakumlindi fundi wa visima Ukambani

PAMPU ya kisima inapoharibika Kitui au Makueni wakati wa kiangazi, wakazi hurejea kuchimba maji katika mchanga wa mito iliyokauka. Ndiyo maana fundi anayeitwa kuikarabati huhimizwa afanye hima. Hapo ndipo hatari huanzia, kwani wengi hudhani kuwa pampu ikizimwa, umeme umeondoka.

Ukweli ni kwamba kuzima na kutenga ni mambo mawili tofauti. Swichi ya kawaida husimamisha mtambo, lakini mtu mwingine aweza kuuwasha tena bila kujua kuwa mwenzake ameshika nyaya. Swichi ya kutenga, ambayo mafundi huiita aisoleta, huitenganisha saketi na chanzo chake cha umeme, kisha hufungwa kwa kufuli. Ufunguo hukaa mfukoni mwa fundi hadi kazi imalizike.

Hata hivyo, kifaa hicho kina masharti yake. Aisoleta nyingi hazikuundwa kukata umeme unaotumika. Mtambo huzimwa kwanza, ndipo aisoleta ifunguliwe. Anayekiuka utaratibu huo huenda akalipukiwa na moto mkononi. Hatimaye fundi sharti apime nyaya kabla ya kuzigusa.

Suala hili lina uzito zaidi kwa kuwa visima kadhaa katika kaunti hizo huendeshwa kwa nguvu za jua. Umeme wa gridi huweza kukatwa, ila jua halizimwi. Maadamu kuna mwangaza, paneli huzalisha umeme, na zikiunganishwa kwa mfululizo huweza kufikisha mamia ya volti. Umeme huo ni wa DC, kama ule wa betri, na cheche zake huwa ngumu kuzimika kuliko za umeme wa gridi. Kwa hivyo huhitaji aisoleta iliyoundwa mahsusi kwa kazi hiyo. Aidha, nyaya zilizo kati ya paneli na aisoleta hubaki na umeme hata baada ya kutenga. Na palipo na jenereta ya akiba, kila chanzo kitengwe peke yake.

Sheria ya Kawi ya 2019 iliikabidhi Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) jukumu la kutoa leseni kwa mafundi wa umeme. Lakini leseni haiwezi kutenga saketi isiyo na aisoleta. Wanaopokea mradi mpya wa maji huuliza kama maji yanatoka. Wanapaswa pia kuuliza kufuli ya fundi itafungwa wapi.