Sindano ya Kupimia Mifupa

Mama mmoja wa hapa Kintinku aliniletea barua ya daktari nimsomee: aende Ocean Road, Dar es Salaam, akapimwe mifupa. Akakataa. "Ati watanitia sumu ya mionzi!"

Mama, si sumu. Ni tekineti kidogo, pamoja na dawa ishikayo mifupa. Mashine huona ilipojikusanya kupita kiasi. Mionzi yake hupungua nusu kila saa 6.

Panya, hao hao wanaotumalizia uwele, ndio waliotangulia. Mwaka 1935 George de Hevesy alieleza jinsi alivyowapa fosforasi ya mionzi, akaona mifupa yaipokea na kuitoa tena.

Mwenye mimba au anyonyeshaye amwambie mganga kabla ya sindano.

Mama aliondoka Jumatatu.