Kabla baridi ya Juni haijaingia

Mvua za Lubumbashi hukoma mwezi wa Aprili, kisha nyua zetu hufuka moshi: twachoma mabua ya mahindi na majani makavu, tukisema twasafisha bustani. Sisi twaona huko ni kupoteza. Moto huirusha azoti hewani, na majivu yabakiayo huchukuliwa na mvua za kwanza. Afadhali maharage yakatwe, mizizi iachwe ardhini; mabua yatandazwe juu ya matuta, udongo usikauke mno. Mama zetu huogopa panya, wala hawakosei. Basi tusiyatandaze karibu na nyumba. Mbegu za lengalenga tuzivune sasa, tuzikaushe vema. Mwaka jana sisi wenyewe tulichelewa, tukazinunua sokoni Oktoba.