Kushindwa Uzeeni Hakufuti Ushujaa

Mtu akiwa mjini Arusha asubuhi isiyo na mawingu, huuona Mlima Meru umesimama kaskazini ya mji. Wataalamu wa miamba wanatuambia kwamba maelfu ya miaka iliyopita ubavu wa mashariki wa mlima huo ulibomoka, ukaacha pengo kubwa linaloonekana hadi leo. Kilichobaki kina kimo cha zaidi ya mita 4,500. Hatujapata kumsikia mkulima yeyote wa Arumeru akidai kwamba kwa sababu ya pengo hilo Meru si mlima tena.

Tunaanza na mfano huo kwa sababu iko hoja inayorudi kila mara wafanyakazi na walimu wanapozungumzia michezo. Je, bondia mkubwa akipigwa mwishoni mwa maisha yake ya ulingoni, heshima aliyoichuma ujanani hupungua? Wapo wanaosema kwamba hupungua. Wao hudai kwamba hesabu ni hesabu: ikiwa ushindi huandikwa, kushindwa nako hakuna budi kuandikwe, na tena aliyemwangusha bingwa mzee naye alitoka jasho, asinyimwe haki yake. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Lakini sisi tunaamini kwamba haitoshi.

Tuutazame mwaka 1980. Mwezi Februari mwaka huo Muhammad Ali aliwasili Dar es Salaam akiwa ametumwa na Rais Jimmy Carter wa Marekani, ili aishawishi Afrika isusie Michezo ya Olimpiki ya Moscow kwa sababu ya majeshi ya Kisovieti kuingia Afghanistan. Mwalimu Nyerere hakukutana naye. Waandishi wa habari nao walimwuliza kwa nini Marekani haikuwaunga mkono Waafrika walipoisusia Montreal mwaka 1976 kwa ajili ya ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini, na ikamlazimu kukiri kwamba jambo hilo hakulijua. Tanzania ilikwenda Moscow. Huko Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, aliongoza mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji mpaka katika mzunguko wa mwisho, ndipo Bronisław Malinowski wa Poland alipompita. Bayi alirudi na medali ya fedha, na Suleiman Nyambui akarudi na nyingine ya mita 5,000.

Miezi miwili tu baada ya Moscow, tarehe 2 Oktoba, Ali mwenye umri wa miaka 38 alipanda ulingoni mjini Las Vegas kupambana na Larry Holmes, aliyewahi kuwa mwenzake wa mazoezi. Hakuwa amepigana kwa miaka miwili. Baada ya raundi kumi mwalimu wake, Angelo Dundee, alilisimamisha pambano. Holmes mwenyewe alitokwa na machozi. Desemba 1981 Ali alishindwa tena, safari hii na Trevor Berbick huko Bahamas, na hapo akaacha ngumi. Alikuwa amepigana mara 61, akashinda 56 na kushindwa tano. Na mbili kati ya hizo tano ni hizo za mwisho. Mwaka 1984 madaktari walimkuta na ugonjwa wa kutetemeka unaoitwa Parkinson.

Je, usiku huo wa Las Vegas na ule wa Bahamas uliufuta usiku wa Kinshasa wa mwaka 1974, alipomwangusha George Foreman katika raundi ya nane? La hasha. Kazi iliyokwisha kutendeka haitenguki. Aidha, ukubwa wa Ali haukutoka katika ngumi peke yake. Mwaka 1967 alikataa kwenda kupigana Vietnam, akanyang'anywa ubingwa na kukaa nje ya ulingo kwa zaidi ya miaka mitatu, ile miaka ambayo nguvu za bondia huwa zimekamilika. Hakuna ngumi ya Holmes wala ya Berbick iliyoweza kulifikia jambo hilo.

Wala si kila kushindwa kuna maana moja. Mganda John Mugabi alipoangushwa na Marvin Hagler katika raundi ya 11 mwaka 1986, hakuwa amewahi kushindwa kabla ya hapo. Hata hivyo wapenzi wengi wa ndondi humkumbuka kwa usiku ule kuliko kwa ushindi wake mwingi, maana alisimama na bingwa wa dunia akiwa na nguvu zake zote. Mwaka 1991, Gerald McClellan alimmaliza mjini London katika raundi ya kwanza. Kushindwa kwa kwanza kulitwambia Mugabi ni nani. Kushindwa kwa pili kulitwambia tu kwamba miaka imepita.

Hapa ndipo tunapodhani wenzetu wanauliza swali lisilo lenyewe. Swali si kama jina la bondia limechafuka, bali ni nani aliyempeleka ulingoni wakati mwili wake umekwisha kukataa. Hatusemi kwamba bondia hana lawama. Majivuno yapo, na kelele za mashabiki hulevya. Lakini wapo waandaaji wanaouza tiketi kwa jina la mzee, na wapo watazamaji wanaozinunua. Mji wa Arusha ndio uliolipa jina lake Azimio la mwaka 1967, lililokataa mtu kumnyonya mtu. Kuuza damu ya mtu aliyechoka ni unyonyaji, hata kama mwenyewe ametia saini.

Mtumishi wa serikali anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akiwa na miaka 60, na pensheni humngoja. Bayi alikuwa mwanajeshi wa JWTZ. Alipopitwa na vijana, hakulazimika kuendelea kukimbia ili apate chakula. Baadaye yeye na mkewe walianzisha shule. Bondia wa kulipwa hana mwajiri wa namna hiyo. Akiacha, ameacha na riziki. Ndiyo maana wengi hawaachi.

Kwa hiyo wanaosimamia ngumi za kulipwa nchini hawana budi kuhakikisha kwamba neno la daktari ndilo la mwisho, na kwamba sehemu ya malipo ya kila pambano inawekwa akiba katika mfuko wa hifadhi ya jamii kabla fedha hazijafika mkononi. Walimu nao wamwambie kijana mwenye kipaji kwamba hakuna marefu yasiyo na ncha, naye ajifunze kazi ya pili mapema.

Mwaka 2025 Alphonce Simbu, ambaye hufanya mazoezi yake Arusha, alitwaa medali ya dhahabu ya marathoni ya dunia mjini Tokyo. Tulimshangilia, na alistahili. Iko siku naye atapitwa, kama Bayi alivyopitwa na kama Ali alivyopigwa. Siku hiyo haitaipunguza Tokyo hata kidogo. Itatupima sisi tuliomshangilia. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Nasi tunaongeza kwamba atunzwe hata ngoma ikiisha.